Umri, Mwendo na Uchakavu: Istilahi za Ununuzi wa Gari Lililotumika

1. UTANGULIZI

Katika ziara ya kukusanya maneno ya mafundi wa magari, ziara iliyotufikisha Bugarama katika Halmashauri ya Wilaya ya Msalala, Mkoa wa Shinyanga, tulioneshwa karatasi moja ya mauziano ya gari. Gari lenyewe lilikuwa Toyota Land Cruiser VX lililotengenezwa mwaka 2006. Mnunuzi alikuwa mama mmoja mfanyabiashara wa mpunga, ambaye alilinunua mwaka 2024. Karatasi ilikuwa na mistari minne tu, na mstari wa tatu ulisema: "Gari limetumika kidogo, halina tatizo."

Siku ya mauziano muuzaji alikuwa amemwambia, "Hili halijatembea, mama. Mita inasoma themanini tu." Mama alielewa kwamba themanini ni kilometa elfu themanini, na kwamba zimehesabiwa tangu gari lilipotoka kiwandani. Mwezi wa tatu giaboksi ikafa. Fundi alipoifungua alisema kwamba giaboksi ile imefanya kazi ya miaka mingi kuliko ile inayodaiwa. Walipokutana mbele ya wazee ili wasuluhishwe, muuzaji alijibu kwa upole, "Mama yangu, mimi nilisema mita inasoma themanini. Sikusema gari limetembea themanini." Na kuhusu neno "kidogo" aliuliza swali moja tu: kidogo kuliko nini?

Wazee walikosa la kushika. Walijua kwamba mama amedhulumika, lakini karatasi aliyoitia saini haikuwa na neno hata moja linaloweza kupimwa. Mama alirudi nyumbani na gari lake bovu, nasi tulirudi ofisini na swali ambalo ndilo chanzo cha makala hii: je, Kiswahili kimekosa maneno ya kueleza hali ya gari lililotumika, au maneno yapo ila hayajapangwa yakapewa mipaka?

Jibu letu ni kwamba maneno yapo tele. Kilichokosekana ni mipaka. Mambo matatu yaliyo mbalimbali, yaani umri wa gari, mwendo wake na uchakavu wake, huitwa kwa jina moja au hudhaniwa kuwa jambo moja. Katika kurasa hizi tunakusudia kuyatenganisha, kisha kupendekeza istilahi zitakazowafaa wafasiri, walimu na watumishi wa umma wanaoandika au kusoma hati za namna hii.

2. MAJINA YA GARI LENYEWE

Kabla ya kufika kwenye mambo hayo matatu, hapana budi tutazame majina ambayo watu wamelipa gari la namna hii, kwani mengi kati yake hayaelezi gari bali humhukumu mwenye gari.

Jambo hili si geni. Katika miaka ya 1960 Afrika Mashariki ilipata neno "wabenzi", yaani watu wanaopanda magari ya Mercedes-Benz, kana kwamba ni kabila miongoni mwa makabila. Baadaye, magari makubwa ya fahari yalipochukua nafasi ya Benzi katika misafara ya wakubwa, Watanzania waliyaita "mashangingi". Neno "shangingi" hapo awali lilimtaja kwa kejeli mwanamke mjuzi wa starehe za mjini. Lilipohamia kwenye gari lilibeba kejeli yake pamoja nalo: kitu cha kuvutia, chenye gharama nyingi, na kisichomtulia mtu mmoja. Kwa mazungumzo neno hili lina ladha yake, na wala hatuna nia ya kulifukuza. Lakini hati ya mauzo haiwezi kuandikwa kwa kejeli. Tunapendekeza hati itumie "gari la fahari".

Neno "mtumba" nalo lina historia yake. Maana yake ya asili ni robota, yaani mzigo uliofungwa. Nguo zilizovaliwa ng'ambo zililetwa kwa marobota, nazo zikaitwa mitumba. Kisha kila kitu kilichotangulia kutumiwa na mwingine kikaitwa mtumba, ijapokuwa hakuna aliyewahi kufunga gari katika robota. "Mkweche" ni gari lililochoka, nalo hutamkwa kwa dharau au kwa mapenzi kwa kadiri ya msemaji. "Gari kuukuu" hutaja ukale. "Gari chakavu" ndilo jina tunaloliona katika matangazo ya minada ya serikali na katika lugha ya kodi.

Kati ya majina hayo yote, lile lisilo na hukumu ndani yake ni "gari lililotumika". Halisemi kwamba gari ni zuri wala baya. Linasema tu kwamba limekuwa na mwenyewe kabla ya huyu. Kwa sababu hiyo tunalipendekeza liwe jina la msingi, na sifa nyingine ziongezwe juu yake kwa istilahi zenye kupimika.

Jambo moja zaidi kuhusu majina. Watu wengi huamini kwamba kila gari refu lenye umbo la Land Cruiser husukumwa na magurudumu yote manne. Sivyo. Toyota Harrier, kwa mfano, imeuzwa katika namna zote mbili: iliyo na nguvu katika magurudumu mawili na iliyo na nguvu katika yote manne. Kwa mtu anayekwenda kuchukua mpunga shambani wakati wa masika, tofauti hiyo ni kubwa kuliko tofauti ya rangi au ya viti vya ngozi. Hati na iseme wazi: "magurudumu manne yenye nguvu" au "mawili yenye nguvu".

3. UMRI WA GARI

Umri wa gari huhesabiwa tangu mwaka wa kutengenezwa. Hiki ndicho kipimo ambacho serikali hukipenda, kwa kuwa mwaka huandikwa katika hati, na ni vigumu kuubadilisha kuliko namba ya kwenye mita. Kenya hairuhusu kuingizwa nchini magari yaliyozidi umri wa miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilipiga marufuku kuingiza magari ya miaka 15 na zaidi. Tanzania haikuchagua njia ya marufuku bali ya ushuru: katika kanuni ambazo Mamlaka ya Mapato imekuwa ikizitumia, gari la abiria lenye umri wa miaka 8 hadi 10 hutozwa ushuru wa ziada wa asilimia 15, na lililozidi miaka 10 hutozwa asilimia 30. Ushuru huo watu huuita "ushuru wa uchakavu".

Hapa pana mchanganyiko wa kwanza. Kinachotozwa ushuru ni umri, lakini jina lililoenea ni la uchakavu. Gari la miaka 11 lililotunzwa vyema hutozwa sawa na la miaka 11 lililochoka kabisa. Jina hilo humfundisha mwananchi kwamba umri na uchakavu ni kitu kimoja, na fundisho hilo humgharimu anapokwenda kununua.

Mchanganyiko wa pili hutokana na namba za usajili. Namba za magari ya watu binafsi nchini zina herufi T, tarakimu tatu, na herufi tatu. Watu huitazama herufi ya kwanza kati ya hizo tatu, nao husema "hili ni namba A", "lile ni namba D", na sasa "hili ni namba E, jipya kabisa". Herufi hiyo huonesha gari lilisajiliwa lini Tanzania. Haioneshi lilitengenezwa lini. Gari la mwaka 2006 likifika bandarini Dar es Salaam baada ya kutumika ng'ambo kwa miaka kumi na saba hupewa namba ya siku hiyo, na dalali huliita jipya. Kwa hiyo tunapendekeza kutofautisha "umri wa gari" na "umri wa usajili". Hati ya mauzo inapasa itaje yote mawili.

4. MWENDO WA GARI

Mnunuzi wa Kiswahili huuliza, "Lina kilometa ngapi?" Swali hilo ni zuri na linaeleweka. Tatizo ni jibu lake, kwa sababu namba inayosomwa kwenye dashibodi na umbali uliotembewa ni vitu viwili. Namba huweza kurudishwa nyuma, na mafundi wana msemo wa jambo hilo: "kuchezea mita". Chombo huweza kubadilishwa kikawekwa kilichotoka katika gari jingine. Tena huweza kuwa kinahesabu maili wala si kilometa, hasa kwa gari lililotoka Uingereza, ambako huendesha upande wa kushoto kama sisi. Maili moja ni kilometa 1.609, basi gari linalosoma 100,000 kwa maili limetembea karibu kilometa 161,000. Asiyeuliza kipimo amesamehe safari ya kilometa 61,000 bila kujua.

Muuzaji wa Bugarama alijificha katika pengo hilo kati ya kusoma na kutembea. Tunapendekeza pengo lizibwe kwa istilahi mbili. "Kilometa zisomwazo" ni namba iliyopo kwenye chombo siku ya mauzo. "Kilometa zilizothibitishwa" ni zile zinazoungwa mkono na ushahidi mwingine: daftari la matengenezo, karatasi ya mnada wa Japani, au hati za ukaguzi zilizoandikwa kwa tarehe mbalimbali. Pasipo na ushahidi, mwandishi wa hati aandike "hazikuthibitishwa", na neno hilo lenyewe litamfanya mnunuzi afikiri upya juu ya bei.

Hesabu ndogo nayo husaidia. Gari la yule mama lilikuwa na umri wa miaka 18 na lilisoma kilometa 80,000. Ukigawanya utapata kilometa 4,444 kwa mwaka, au karibu 12 kwa siku. Yawezekana, wako wenye magari ya fahari yanayolala bandani wiki nzima. Lakini gari la kilometa 12 kwa siku halitazamiwi kuwa na mpira wa pedali uliolika hadi chuma, usukani uliong'aa kwa mikono, na kiti cha dereva kilichobonyea. Vitu hivyo havina tarakimu, lakini ni mashahidi.

Kuhusu jina la chombo chenyewe, mafundi husema "mita", nalo hutumika kwa vyombo vyote vya dashibodi. Neno "kipimamwendo" limekwisha kuzoeleka kwa chombo kinachoonesha kasi. Kwa hiyo tumeona heri kutohoa: "odometa" iwe ni chombo kinachohesabu umbali, na "kipimamwendo" kibaki na kasi.

5. UCHAKAVU WA GARI

Kitenzi "chakaa" kimezaa "chakavu" na "uchakavu". Ni neno la Kiswahili lenye nguvu, na kwa fundi maana yake ni kulika na kudhoofika kwa chuma, mpira na kitambaa kwa sababu ya kazi. Wahasibu wa serikali nao wanalo neno hilihili, lakini kwao ni upungufu wa thamani ya mali unaoandikwa vitabuni kila mwaka. Gari huweza kuwa na thamani ndogo vitabuni huku injini yake ikiwa imara, na kinyume chake. Hatuwezi kuwanyang'anya wahasibu neno walilolizoea. Ila katika hati za mauzo "uchakavu" uwe wa vipande vya gari, na habari ya bei iitwe "kushuka kwa thamani".

Uchakavu hauendi sambamba na kilometa. Hili watu wa Bugarama wanaweza kulielewa upesi kuliko wengine. Jirani yao ni mgodi wa Bulyanhulu, mgodi wa dhahabu wa chini ya ardhi ulioanza uzalishaji mwaka 2001. Mitambo mizito ya kuchimba na kupakia haipimwi kwa kilometa, kwa maana huweza kufanya kazi siku nzima mahali pamoja. Hupimwa kwa saa ambazo injini imekuwa ikiwaka, na matengenezo yake hupangwa kwa saa hizo. Fundi aliyezoea mitambo haulizi umetembea wapi. Huuliza umewaka saa ngapi.

Tuchukue kipimo hicho tukilete kwenye gari. Magari mawili yana kilometa 200,000 kila moja. La kwanza limekwenda safari ndefu za barabara kuu kwa wastani wa kilometa 50 kwa saa. Injini yake imewaka saa 4,000. La pili limezunguka katika foleni za jiji kwa wastani wa kilometa 20 kwa saa. Injini yake imewaka saa 10,000. Odometa zao husoma sawasawa, lakini injini moja imefanya kazi mara mbili na nusu ya nyingine. Kwa hiyo gari lenye kilometa nyingi na daftari kamili la matengenezo huweza kuwa ununuzi bora kuliko lenye kilometa chache lisilo na historia. Istilahi "saa za injini", ambayo mgodi umekwisha kuizoea, inafaa kuingia katika msamiati wa magari ya kawaida.

Katika gari la fahari uchakavu una jambo lake la pekee. Bei ya gari hushuka mwaka hata mwaka, lakini bei ya vipuri vyake haishuki kwa kufuata bei ya gari. Gari lililouzwa kwa sehemu ndogo ya bei yake ya awali bado hudai shokomzoba, pampu, noozeli na giaboksi za gari la bei ile ya kwanza. Mengine yana springi za hewa au mfumo wa mafuta wa kunyanyua bodi, na mfumo huo ukifa fundi wa kawaida hana la kufanya ila kuung'oa. Mnunuzi anayetumia fedha yake yote kununua amenunua nusu. Nusu ya pili ni "gharama ya umiliki", istilahi tunayoipendekeza kwa jumla ya matengenezo, vipuri, mafuta, bima na kodi kwa muda maalumu.

6. KASORO NA SHERIA

Hati yetu ilisema gari "halina tatizo". Neno "tatizo" ni pana mno. Fundi hutenganisha uchakavu, ambao ni wa kawaida kwa umri na kazi. Hitilafu, ambayo ni kushindwa kwa kifaa kufanya kazi. Na kasoro, ambayo ni upungufu usiotazamiwa katika gari la namna ile.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imejengwa juu ya msingi wa zamani kwamba mnunuzi ajihadhari. Lakini msingi huo una mipaka. Bidhaa inapouzwa kwa maelezo, yapasa ilingane na maelezo hayo. Inaponunuliwa kwa maelezo kutoka kwa mtu afanyaye biashara ya bidhaa za namna hiyo, yapasa iwe na ubora wa kuuzika, isipokuwa kwa kasoro ambazo mnunuzi aliyeikagua angepaswa kuziona. Kwa hiyo mstari kati ya "kasoro dhahiri" na "kasoro fiche" huweza kuamua nani abebe hasara. Na kwa kuwa maelezo ya bidhaa hufanyika kwa maneno, neno moja lisilo na mpaka humnyima mnunuzi ulinzi ambao sheria imempa. "Limetumika kidogo" ni maelezo yasiyolingana wala kutolingana na kitu chochote.

Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki, jambo hili limekuwa zito zaidi. Msuluhishi, karani na hakimu watasoma neno lilelile aliloliandika mnunuzi.

7. ISTILAHI ZINAZOPENDEKEZWA

Gari lililotumika: gari lililokuwa na mmiliki au mtumiaji kabla ya mauzo yanayohusika.

Gari la fahari: gari lililotengenezwa kwa starehe na mapambo kupita mahitaji ya usafiri.

Umri wa gari: miaka tangu gari kutengenezwa.

Umri wa usajili: miaka tangu gari kusajiliwa nchini.

Odometa: chombo kinachohesabu umbali ambao gari limetembea.

Kilometa zisomwazo: namba inayoonekana kwenye odometa siku iliyotajwa.

Kilometa zilizothibitishwa: umbali uliotembewa unaoungwa mkono na ushahidi wa maandishi.

Saa za injini: jumla ya saa ambazo injini imewaka.

Uchakavu: kulika kwa vipande vya gari kutokana na kazi na muda.

Hitilafu: kushindwa kwa kifaa kufanya kazi yake.

Kasoro dhahiri: upungufu unaoweza kuonekana kwa ukaguzi wa kawaida.

Kasoro fiche: upungufu usioweza kuonekana kwa ukaguzi wa kawaida.

Daftari la matengenezo: kumbukumbu ya matengenezo yenye tarehe, kilometa na kazi iliyofanywa.

Gharama ya umiliki: jumla ya matumizi ya kulimiliki na kuliendesha gari kwa muda maalumu.

8. HITIMISHO

Tuurudie ule mstari wa tatu wa karatasi ya Bugarama, tuuandike kwa istilahi hizi: "Gari lililotumika, lililotengenezwa mwaka 2006, kilometa zisomwazo 80,000, hazikuthibitishwa; daftari la matengenezo halipo; magurudumu manne yenye nguvu; muuzaji anatamka kwamba hajui kasoro fiche yoyote katika injini na giaboksi." Mstari umerefuka kidogo tu. Lakini mama angeusoma kabla ya kutoa fedha, angeuliza kwa nini daftari halipo, na huenda angemwita fundi kwanza. Kama angenunua hata hivyo, wazee wangekuwa na kitu cha kushika.

Istilahi haimzuii mwongo kusema uongo. Kazi yake ni kumlazimisha auseme waziwazi, ili uweze kupimwa na kukanushwa. Tunawaomba walimu wa ufundi na wa biashara wazijaribu istilahi hizi madarasani, na makarani wa kata wazijaribu katika hati wanazoombwa kuziandika. Wasomaji wenye maneno bora zaidi, hasa yale yanayosemwa katika gereji za Kahama, Geita na kwingineko, tunawakaribisha watuletee, nasi tutayapima pamoja na haya.